Baiskeli ya umeme mbele ya dirisha la usajili

Chukua mtu aliyenunua baiskeli ya umeme mtandaoni. Imemfikia ndani ya boksi, ameiunganisha mwenyewe sebuleni, ameichaji usiku kucha, na sasa anataka kuipanda bila wasiwasi. Anataka iwe na namba kama chombo kingine chochote cha barabarani. Anakwenda ofisi ya magari ya jimbo la New York, ile ambayo wenyeji huiita DMV, anachukua tiketi ya foleni na kusubiri hadi anapoitwa. Karani haulizi rangi wala bei. Anataka namba ya utambulisho ya chombo, yenye herufi na tarakimu 17. Mtu wetu anafungua simu na kuonyesha picha ya fremu. Namba ipo, imegongwa chini karibu na pedali, lakini ni fupi na haifanani na inayotakiwa. Karani anamrudishia karatasi zake.

Hapo hakuna mwenye kosa. Karani hawezi kubuni namba, na mnunuzi hawezi kuigonga. Hata hivyo ndipo mijadala mingi ya baiskeli za umeme inapoanzia: zisajiliwe au zisisajiliwe, kana kwamba jambo hilo huamuliwa dirishani. Nimezisoma sheria za vyombo vya moto za nchi mbalimbali kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba ofisi ya usajili huandika daftarini kile ambacho kiwanda kimekwisha kukitamka. Kiwanda kikinyamaza, daftari nalo hunyamaza, na gharama ya ukimya huo humwangukia aliyepanda baiskeli.

Namba hiyo ya 17 ina historia yake. Mwaka 1981 Marekani iliweka mfumo mmoja: kila gari na kila pikipiki itoke kiwandani na namba ya urefu huo, inayomtaja mtengenezaji, aina ya chombo, mwaka wa modeli na zamu yake katika uzalishaji. Ni kama cheti cha kuzaliwa. Pamoja nayo huja tamko la mtengenezaji kwamba chombo kimetimiza viwango vya usalama vya magari, kuanzia taa na breki hadi matairi. Bima huishika namba hiyo, polisi huitafuta, mahakama huitaja. Chombo kisicho nayo, kwa macho ya mfumo huo, hakijazaliwa.

Kisha ikaja sheria ya Desemba 2002. Bunge la Marekani lilisema kwamba baiskeli yenye pedali zinazofanya kazi, yenye mota isiyofika wati 750, na ambayo kwa nguvu ya mota peke yake haifiki kilomita 32 kwa saa ikiwa imebeba mtu wa kilo 77 hivi, si gari. Ni bidhaa ya kawaida ya mlaji. Usimamizi wake ukatolewa kwa mamlaka ya usalama wa magari ukapelekwa kwa tume ya usalama wa bidhaa, ile inayoangalia vitanda vya watoto na vyombo vya nyumbani. Kwa mtengenezaji ulikuwa unafuu mkubwa, maana hakulazimika tena kugonga namba 17 wala kufuata viwango vya pikipiki. Lakini sheria hiyo ilihusu utengenezaji na uuzaji. Nani aipande barabara gani, na kwa leseni ipi, liliachwa mikononi mwa kila jimbo.

New York ilikuwa na tafsiri yake ya zamani: gari ni chombo chochote kinachopita barabara ya umma kwa nguvu isiyokuwa ya misuli. Sentensi hiyo iliandikwa kwa nia njema, ili kusiwe na chombo cha injini kitakachokwepa. Ila mota ya wati 350 iliyofichwa kwenye kitovu cha gurudumu nayo si misuli. Kwa hiyo baiskeli ya umeme ilikuwa gari. Ikiwa ni gari, lazima isajiliwe. Ukiipeleka kusajiliwa, ofisi inakataa kwa sababu haina karatasi za gari. Na kwa kuwa haikusajiliwa, kuipanda barabarani ni kosa. Duka liliiuza kihalali, mteja akailipia kodi, na alipotoka nje na kuipanda tu akawa mvunja sheria.

Ninalitaja hili kwa uchungu kwa sababu najua liliwaangukia akina nani. Waliozitegemea baiskeli hizo zaidi ya wote katika jiji la New York ni wapeleka chakula, wengi wao wahamiaji: Wachina wa umri wa makamo, Wamexico na Waguatemala, na baadaye vijana wa Afrika Magharibi. Mwaka 2018 jiji lilianza msako. Faini ilikuwa dola 500, na baiskeli ilichukuliwa. Mtu aliyekuwa akifukuzana na oda kwenye mvua ili apate bakshishi ya dola mbili tatu alijikuta anadaiwa mshahara wa siku kadhaa, na kitendea kazi chake kimefungiwa kituoni. Mwaka huohuo jiji lilifafanua kwamba baiskeli inayosaidia tu pale unapokanyaga pedali inaruhusiwa, na ile yenye kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki hairuhusiwi. Kampuni ya Citi Bike ikaanza kukodisha za aina ya kwanza. Mpeleka chakula anayekaa juu ya tandiko saa 10 hadi 12 kwa siku alikuwa na ya aina ya pili, kwa sababu magoti yana kikomo. Barabara ikawa moja na sheria zikawa mbili, na aliyeumia alikuwa yule mwenye njaa zaidi.

Bunge la jimbo lilipitisha marekebisho Juni 2019, gavana Andrew Cuomo akayakataa Desemba mwaka huo. Miezi minne baadaye, Aprili 2020, mji ukiwa umefungwa kwa korona na watu milioni nane wakila kwa mikono ya wapeleka chakula haohao, marekebisho yaliingizwa kwenye bajeti ya jimbo na kupita. Baiskeli za umeme zikagawanywa madaraja matatu. La kwanza husaidia mkanyagaji hadi kilomita 32 kwa saa. La pili lina kishikio cha kuzungusha, na kikomo chake ni hichohicho. La tatu, kwa majiji yenye watu kuanzia milioni moja, yaani New York peke yake, linafika kilomita 40. Hakuna hata moja linalosajiliwa. Ukienda leo na baiskeli ya namna hiyo kwenye dirisha la DMV utarudishwa tena, ila safari hii kurudishwa huko ni habari njema.

Mtego haukuisha, ulihama. Wakati baiskeli zinahalalishwa, mitaa ilikuwa inajaa chombo kingine: kina matairi mapana, kiti kirefu, hakina pedali, au kina pedali za urembo tu, na kinakimbia kuliko baiskeli yoyote. Kwa New York hicho ni pikipiki ya matumizi yenye mipaka, nayo ina madaraja yake kwa mwendo. Inayofika hadi maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, husajiliwa na kupewa namba, lakini bima hailazimishwi. Inayozidi hapo hadi maili 30 inadai na bima. Ya maili 30 hadi 40 inadai leseni ya pikipiki na ukaguzi wa kila mwaka. Mpangilio huo una akili, kwa kuwa mzigo wa karatasi unakua pamoja na hatari. Ila maelfu ya vyombo hivyo viliuzwa na maduka ambayo hayakumpa mnunuzi cheti cha asili cha mtengenezaji, na pasipo cheti hicho karani hana pa kuanzia. Polisi wakavikusanya kwa maelfu na kuvisaga.

Mwaka 2024 jimbo lilifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingetakiwa kuwa la kwanza. Lilipitisha sheria inayomtaka muuzaji ahakikishe chombo cha aina hiyo kinasajiliwa palepale kinapouzwa. Mzigo ukamtoka mpanda chombo ukaenda kwa mwenye duka, na mwenye duka, akijua hatauza kitu kisicho na cheti, ataacha kukiagiza. Msako wa barabarani unaweza kuendelea miaka 10 bila kumfikia mwagizaji hata mmoja.

California ilikuwa imechukua njia nyepesi zaidi. Sheria yake iliyosainiwa 2015 ndiyo iliyoleta madaraja matatu yaliyoigwa na majimbo mengi. Baiskeli haihitaji namba, leseni wala bima, lakini mtengenezaji lazima abandike kibandiko cha kudumu chenye daraja, mwendo wa juu na wati za mota. Mwenye kuibadilisha mota ikimbie zaidi lazima abadilishe na kibandiko. Watu hukidharau kwa sababu ni kidogo kama kiganja cha mtoto. Mimi nakiona kuwa ni usajili uliofanyiwa kiwandani, bila foleni. Udhaifu wake ulijitokeza pale baadhi ya viwanda vilipoanza kuuza baiskeli ya daraja la pili ambayo, kwa kugusa tu programu kwenye simu, inageuka kuwa kitu kisicho na daraja. Mwaka 2024 jimbo likaziba tundu hilo. Sheria sasa inasema wazi kwamba mota isizidi wati 750, na kuuza vifaa vya kuondoa kikomo cha mwendo ni marufuku.

Hawaii ina utaratibu wake, na ni wa zamani. Kule hata baiskeli ya kawaida yenye gurudumu la inchi 20 au zaidi husajiliwa, mara moja tu, kwa dola 15. Baiskeli ya umeme ni dola 30, kwa sheria ya 2019, na unachopata ni kibandiko cha kuweka kwenye fremu. Hakuna namba 17 wala bima. Wazee wetu watalielewa hilo upesi kuliko vijana, maana wanaikumbuka leseni ya baiskeli iliyokatwa halmashauri, na hofu ya kukutana na mgambo kabla hujailipia. Swali la kuuliza kuhusu usajili wa namna hiyo ni unamsaidia nani. Ukiwa ni wa kumrudishia mwenye mali baiskeli yake iliyoibwa, unastahili dola zake. Uswisi ilikuwa na kibandiko cha bima kwa kila baiskeli kwa miaka mingi, na kuanzia 2012 ikakiondoa, kwa sababu bima za kawaida za familia zilikuwa tayari zinabeba dhima hiyo. Lakini baiskeli ya umeme inayofika kilomita 45 kwa saa bado inavaa namba ya njano huko, na sioni ubishi. Kwa mwendo huo, ukimgonga mtu unaweza kumuua.

Ulaya yote imejenga ukuta hapohapo. Wati 250, msaada wa mota ukatike kilomita 25 kwa saa: hiyo ni baiskeli, nenda zako. Ukivuka hapo unaingia familia ya pikipiki ndogo, na kiwanda lazima kitoe cheti cha ulinganifu kabla chombo hakijauzwa. Ujerumani namba ya chombo cha namna hiyo hata haitolewi na ofisi ya serikali. Unainunua kwa kampuni ya bima, inadumu mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Machi, na rangi yake hubadilika kila mwaka, hivi kwamba askari aliye ng'ambo ya barabara anajua bila kusogea nani ana bima na nani hana.

China ndiko somo lenyewe liliko, kwa sababu ndiko zilikozaliwa karibu zote tunazoziona. Huko baiskeli za umeme zimezidi milioni 300, nazo husajiliwa na kuvaa namba. Anayedai kwamba usajili hauwezekani kwa wingi huo aangalie huko. Umewezekana kwa sababu kiwango cha taifa kilichoanza kutumika Aprili 2019 kilikifunga kiwanda kwanza: kilomita 25 kwa saa, uzito usiozidi kilo 55, wati 400, pedali, na cheti cha lazima kwa kila modeli. Polisi wa usalama barabarani hupokea chombo chenye cheti na kukipa namba. Kisicho na cheti hakikutakiwa kufika dukani. Cha kuumiza ni kwamba vyombo vinavyosafirishwa nje havibanwi na kiwango hicho. Kiwanda kilekile kinachofuata kanuni kwa ajili ya mteja wa nyumbani kinaweza kumpakilia mteja wa Mombasa au Dar es Salaam kitu kingine kabisa.

Kuna hatari moja ambayo namba ya nyuma haigusi. Mwaka 2023 idara ya zimamoto ya New York ilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa, baadhi yao wakiwa wamelala ghorofani juu ya chumba ambamo betri zilichajiwa. Kiswahili kimeziita mashine hizi vyombo vya moto tangu enzi za petroli, na neno hilo limepata uzito mwingine. Jiji lilipiga marufuku kuuza au kukodisha baiskeli ya umeme ambayo mfumo wake wa umeme na betri yake havijathibitishwa na maabara inayotambuliwa. Namba ya usajili ingesaidia kumtambua mwenye baiskeli baada ya nyumba kuungua. Cheti cha betri kinaizuia nyumba isiungue, na hicho nacho hutoka kiwandani.

Sasa kwetu. Afrika Mashariki imezungumza sana kuhusu bodaboda za umeme, na hapo hakuna utata: ni pikipiki, zina namba ya chesisi, zinasajiliwa. Rwanda imelitumia hata dirisha la usajili kama lango la sera. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Kigali hazisajiliwi, za umeme tu. Utata uko kwa ndugu yake mdogo, baiskeli yenye pedali na mota, inayopeleka mikate, maziwa, dawa na chakula cha mchana. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyotungwa 1953, inasema gari ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mitambo, isipokuwa kinachopita kwenye reli na kinachovuta umeme kwenye nyaya za juu. Waandishi wake walipofikiria chombo cha umeme cha barabarani waliona basi lililofungwa kwenye nyaya. Hawakuona betri inayobebwa kwa mkono mmoja. Ukiisoma sentensi hiyo jinsi ilivyo, baiskeli yenye mota ya wati 250 inasimama mlango mmoja na lori.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango. Inaruhusu kanuni zitaje vyombo vingine ambavyo havitahesabiwa kuwa magari. Hakuna haja ya kusubiri muswada. Kanuni moja yenye mipaka mitatu au minne, wati, mwendo, uzito na pedali zinazofanya kazi, inatosha kumtoa mpeleka mikate kwenye mtego ule wa New York kabla askari wa kwanza hajaamua kuutumia. Ningependa mipaka ya kwetu ikaribie ile ya Ulaya kuliko ya Marekani, kwa sababu ya barabara zetu. Mtoto, mkokoteni, mbuzi na daladala hugawana upana uleule, na kilomita 40 kwa saa bila kofia ni nyingi mno.

Pa kuitekelezea kanuni hiyo ni bandarini. Katika orodha ya forodha inayotumika dunia nzima, baiskeli ya kawaida iko fungu la 87.12, ila yenye mota ya umeme inawekwa fungu la 87.11 pamoja na pikipiki. Kwa hiyo mkaguzi wa forodha anaziona kama kundi moja, kutoka mashine ya kumsaidia mzee kupanda kilima hadi inayoshindana na bodaboda. Tanzania ina nafasi ambayo majirani wengi hawana: mamlaka ileile, TRA, ndiyo inayotoza ushuru wa forodha na ndiyo inayotoa namba za vyombo vya moto, zile za pikipiki zinazoanza na MC. Karatasi moja ya kuingiza mzigo ingeweza kumaliza kazi zote mbili. Kinachotimiza mipaka ya baiskeli kiingie kama baiskeli na kibandiko chake. Kinachovuka kisitoke bandarini bila namba ya chesisi na jina la mwagizaji. Shirika la Viwango, TBS, tayari hukagua bidhaa zinazoingia, na betri ya lithiamu inafaa kuwa juu ya orodha hiyo.

Liko jambo moja linaloisumbua hoja yangu, nami sitalificha. Si kila baiskeli ya umeme ya kwetu itatoka kiwandani. Fundi aliye chini ya mwembe anachukua Phoenix ya miaka 20, anavua gurudumu la nyuma, anafunga lenye mota kwenye kitovu, anaibana betri kwenye fremu kwa mipira ya tairi, na mteja anaondoka siku hiyohiyo kwa bei anayoimudu. Hakuna kiwanda cha kukitaka kitamke, na ningehuzunika kuona sheria inayomfungia huyu kazi kwa kumdai cheti ambacho hawezi kukipata. Lakini hata hapa mota na betri zimeingia kwa kontena, zina mtengenezaji na mwagizaji, na mota ya heshima ina wati zake zimechongwa pembeni ya kitovu. Fundi aunge alichouziwa kihalali, mwagizaji awajibike kwa alichokiingiza, na kanuni izitambue wati zilizochongwa kuwa ndizo wati za baiskeli. Hapo trafiki atakayemsimamisha kijana wa mikate saa 12 asubuhi atainama kwenye gurudumu la nyuma, apanguse vumbi kwa kidole, asome 250, na kijana ataendelea na safari mikate ikiwa bado ya moto.